Mheshimiwa Lakini

Watu wa nje wakimwona hakimu amekaa juu kwenye kiti chenye mgongo mrefu, wanadhani hapo ndipo mambo yanapoamuliwa. Mimi nimekaa chini ya kiti hicho miaka mingi, karani wa mahakama, nasoma mashtaka, naita kesi, nawafokea watu wazime simu na kuvua kofia. Ninavyoona mimi, nusu ya mambo huamuliwa kwenye korido na nusu nyingine mahabusu. Hakimu huletewa makombo, kisha lawama zote zinakuwa zake.

Hakimu wetu alikuwa mtu mzima, mpole, mwandiko wake mbaya kuliko wa daktari. Kazi ndiyo iliyomharibu mkono. Kwetu hakuna mashine ya kurekodi sauti, kila neno la shahidi hakimu huliandika mwenyewe kwa kalamu, kwa hiyo kutwa nzima utamsikia akisema, "Polepole bwana, kalamu yangu haina mbio kama mdomo wako." Asubuhi ataamua ugomvi wa ukuta uliojengwa kwenye njia ya jirani, mchana ndugu wawili waliotiana ngumi kwa sababu ya redio, jioni anabeba majalada nyumbani, na mkewe ananipigia simu mimi kunigombeza kana kwamba mimi ndiye niliyeolewa naye. Wenzake aliosoma nao walishapanda mahakama za juu, wana madereva. Yeye aliachwa palepale kwa kuwa wakubwa walisema ana huruma ya kupitiliza. Na mimi nilimwambia hivyohivyo, akacheka.

Alikuwa na mtindo wake wa kutoa adhabu, na mji mzima uliujua. Kwanza alisoma upande mzito, kwa sauti ya kutisha: kosa ni kubwa, jamii imechoka, sheria inaruhusu kifungo cha miaka kadhaa. Mshtakiwa kizimbani anatetemeka, mama yake benchi la nyuma ameshika kichwa. Halafu mheshimiwa anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya tai, anaivaa tena, na kusema, "Lakini..." Hapo watu wote wanashusha pumzi. Baada ya lakini hiyo kulikuwa na onyo, au kifungo cha nje, au kwenda kufagia uwanja wa zahanati kwa muda fulani. Nilimwambia kuwa iko siku atamuua mtu kwa presha. Akanijibu, "Mama, nataka waione jela kwa macho kabla hawajaiona kwa miguu."

Mahabusu wakampa jina, Mheshimiwa Lakini. Na wakajiwekea kanuni yao, wakawa wanawafundisha wageni tangu usiku wa kwanza: ukipangiwa kwa Lakini, usibishane naye, usilete maneno mengi, kubali kosa, onyesha umetubu, jioni unalala kwako. Na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Mwizi wa kuku alikubali akaenda nyumbani, na aliyempiga shemeji yake alikubali akaenda nyumbani. Sifa ya mtu huwezi kuikusanya ukishaiachia.

Kisha nyaya za umeme zikaanza kuibwa. Mitaa ikawa gizani, hospitali ikawa inazimika, magazeti yakapiga kelele, na watunga sheria wakakasirika. Wakatunga sheria mpya: atakayepatikana na hatia kwa nyaya hizo, miaka ishirini, isipungue hata siku. Dhamana hakuna. Aliyeiandika sheria ile hakuacha nafasi ya lakini hata ya kupenyeza sindano. Siku ilipotufikia mheshimiwa aliisoma ofisini kwake mpaka mwisho, akaifunga, akasema, "Hapa wamenifunga mimi kwanza."

Wa kwanza kuletwa kwetu kwa sheria hiyo alikuwa fundi wa kusuka mota. Ikiungua pampu ya maji au mashine ya kusaga, yeye huifungua, huitoa waya iliyoungua na kuisuka upya, tena anajua kazi yake. Hata feni inayozunguka juu ya kichwa changu pale mahakamani aliisuka yeye. Polisi walikuta kibandani kwake roli la waya nene ya shaba, wakasema imekatwa kwenye nguzo.

Siku ya kwanza alilia kama mtoto. "Mheshimiwa, mimi niliuziwa! Mtu kaja mchana kweupe, mzigo begani, watu wote wanamwona. Nikanunua kama ninavyonunua shaba kuukuu siku zote. Sikujua!"

Nilimwamini. Mheshimiwa naye alimwamini. Nilimjua kwa namna alivyoikandamiza kalamu alipokuwa akiandika lile neno "sikujua". Tena neno hilo ndilo lililokuwa pona yake, maana sheria yenyewe ilimtaka mtu awe amejua kuwa nyaya zimeibwa. Ila hakimu hawezi kumwachia mtu kwa kumwamini tu, lazima asikilize kesi, na kesi ilimtaka shahidi, mhandisi wa umeme wa kuitambua waya. Mhandisi hakuja. Mara yuko safarini, mara anaumwa, mara wito haukumfikia. Kila kesi ilipoahirishwa fundi alipandishwa lori la mahabusu, na kila aliporudi shati lilikuwa limempwaya zaidi. Mwisho mheshimiwa akagonga meza. "Naahirisha kwa mara ya mwisho. Tarehe ijayo shahidi asipokuja, nafuta kesi."

Tarehe ikafika. Asubuhi hiyo mwendesha mashtaka, kijana wa suti moja na viatu vinavyolia, alikuja ofisini kwa mheshimiwa nami nikiwepo.

"Shahidi hajaja tena," akasema. "Na mkubwa wangu amechoka. Kasema ukifuta, ufute tu, hatumkamati tena mlangoni."

Mheshimiwa aliegemea kiti akafumba macho. Nilimwona mabega yakishuka. "Mama, ianze hiyohiyo," akaniambia. "Fundi akanywe chai kwake."

Nikatoka na moyo mweupe. Kwenye benchi la mbele alikaa mke wa fundi, mwanamke mwembamba mwenye macho makali, kapakata mfuko. Ndani nikaona viatu vya kiume vilivyopigwa rangi mpaka vikang'aa, na shati lililopigwa pasi. Alikuja kumchukua mume wake. Nikajisemea, leo umebahatika, mama.

"Koooorti!" nikaita. Watu wakasimama, mheshimiwa akaingia, watu wakakaa. Nikaita kesi ya fundi. Akapanda kizimbani na ndala zake za mahabusu. Mwendesha mashtaka akapanga karatasi zake, akafunga kifungo cha koti, akaanza kuinuka kusema lile neno moja lililobaki, kwamba shahidi hayupo.

Fundi akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, naomba kusema."

"Subiri zamu yako," mheshimiwa akamwambia upesi. "Keti. Tumsikie mwendesha mashtaka kwanza."

"Mheshimiwa, sitaki kuisumbua mahakama yako. Nimekubali kosa."

Mwendesha mashtaka alibaki nusu kasimama nusu kakaa. Mheshimiwa akamgeukia. "Ulikuwa unasimama kusema nini?"

"Nilikuwa..." Kijana akamtazama fundi, akawatazama waandishi wa magazeti wawili waliokaa pembeni, akatazama viatu vyake. "Mheshimiwa, mshtakiwa ameshasema. Hapo mimi sina la kuongeza. Tunaomba asomewe mashtaka upya."

Nilitamani nimvute kijana yule tai yake. Ila angefanyaje? Mtu amekubali mbele ya watu na magazeti. Angesimama kusema hamtaki? Kazi angekuwa hana jioni ile. Na mimi je? Jalada lilikuwa mkononi mwangu. Nikalifungua, nikasoma mashtaka kwa sauti yangu mwenyewe, nikamuuliza kama ninavyouliza kila mtu kila siku, "Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli kabisa, mama."

Mheshimiwa akaweka kalamu chini, kitu ambacho huwa hakifanyi. "Sikiliza vizuri. Siku ya kwanza ulisema uliuziwa. Ulisema hukujua."

"Nilidanganya, mheshimiwa. Shetani tu."

"Nani kakwambia useme hivyo?"

"Hakuna, mheshimiwa. Ni moyo wangu. Nimetubu."

"Ulijua kwamba ni nyaya za umeme wa watu?"

"Nilijua sana. Nilijua vizuri sana."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila swali mheshimiwa alilomtupia kama kamba ya kumvutia ufukoni, yeye alilichukua kuwa mtihani wa toba. Alidhani anapimwa kama amekubali kwa moyo au kwa mdomo. Na kadiri alivyoulizwa ndivyo alivyozidi kujipalia makaa.

"Nani alizikata?"

"Mimi mwenyewe, mheshimiwa. Usiku. Nilipanda nguzo." Akatafuta kidogo kichwani, akaongeza, "Mara mbili."

Mtu huyu, kila fundi wa mjini anajua, hapandi hata kiti kubadilisha taa. Ana kizunguzungu. Lakini kizunguzungu hakikuwa kwenye jalada, wala mimi si shahidi. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya kesi, roli la shaba likaletwa na kuwekwa mezani, fundi akaulizwa kama ndilo, akasema ndilo. Kila kipande kikakaa mahali pake. Wakili hakuwa naye wa kumkanyaga mguu.

"Mahakama inapumzika kidogo," mheshimiwa akasema, akainuka.

Ofisini alisimama dirishani, kanipa mgongo. Nilimwambia, "Bado anaweza kubadilisha. Kabla ya adhabu anaweza."

"Najua anachoweza. Nani amwambie? Mimi nikimwambia, nimekuwa wakili wake. Wewe ukimwambia, kesho wewe uko nje na kesi yenyewe imeharibika." Kisha akasema, bila kugeuka, "Nasikia kiu. Nakunywa maji hapa, tena nakunywa taratibu."

Kazi tumefanya pamoja muda mrefu, nilimwelewa. Nikatoka.

Mke wa fundi alikuwa kwenye korido karibu na dirisha la mahabusu, mfuko wake kifuani. Nikamsogelea, nikashusha sauti. Kwenye mahakama yetu, karani akimsogelea mtu kwenye korido na kushusha sauti, kila mtu anajua maana yake ni moja tu, na mimi kwa haraka yangu sikulikumbuka hilo.

"Dada, mwambie mumeo akane," nikamnong'oneza. "Aseme hakujua. Sasa hivi, kabla hatujarudi ndani."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Akane ili iweje?"

"Akikana, shahidi hayupo, kesi inafutwa. Sheria hii si kama zile nyingine. Mheshimiwa hana uwezo wa..."

"Mama, sisi hatuna kitu," akasema, tena kwa sauti ya kusikika hadi getini. "Umenikosa. Miezi yote hii mnaizungusha kesi, kila nikija naambiwa rudi kesho, na kila kesho kuna mtu hapa ananyoosha mkono. Leo mume wangu kaamua iishe, mnataka akane muendelee kula? Mheshimiwa mwenyewe hali rushwa, tunamjua. Nyinyi wa chini ndio mnaotumaliza!"

Watu wote kwenye korido wakageuka. Askari wa mahabusu akacheka, akasema, "Karani, leo umenasa." Sijawahi kuchukua hata kikombe cha chai cha mtu, na mwanamke yule alikuwa sahihi kabisa kunishuku, maana wengine wamechukua, tena pale pale niliposimama. Nilifungua mdomo nimweleze, akanipa kisogo. Akainamia dirisha la mahabusu, nikamsikia akimwambia mumewe kwa upendo kabisa, "Usiogope, baba. Kuna watu huku wanataka ukane ili waendelee kula. Kaza moyo. Jioni uko nyumbani."

Nilirudi ndani. Mheshimiwa alikuwa ameshika glasi, maji yamejaa vilevile. Aliniangalia usoni, akaiweka chini, akachukua kalamu yake.

"Koooorti!"

Sasa alijaribu kwa lugha ya wazi, bila kuzunguka. "Mshtakiwa, mpaka dakika hii sheria inakuruhusu kubadilisha ulichosema. Unajua adhabu ya kosa hili?"

"Najua, mheshimiwa. Miaka ishirini."

"Na unajua kwamba siwezi kuipunguza? Siwezi. Hata nikitaka."

Fundi akainamisha kichwa kwa adabu, na niliona kwa macho yangu kitabasamu kikimpita. "Najua, mheshimiwa. Ndivyo unavyosema siku zote."

Kuna mtu alicheka nyuma, kicheko kizuri tu, cha mtu anayeijua sinema na anajua inavyoisha. Mheshimiwa alimtazama fundi, akamtazama mke wake, na mke akamtikisia mumewe kichwa kidogo kwamba usibadilishe. Nami nilikuwa nasikia feni ikizunguka juu yetu bila hata mlio, imesukwa vizuri.

"Hubadilishi?"

"Sibadilishi, mheshimiwa. Nimetubu."

Basi. Ukifika hapo hakuna mlango mwingine. Mtu mzima, mwenye akili timamu, amesomewa, ameeleza, ameonywa, amekubali. Hakimu akikataa kuandika hapo, mahakama ya juu itaandika badala yake, na fundi atakuwa palepale. Mheshimiwa akaandika, na niliona mwandiko wake siku hiyo ukiwa mzuri, polepole, herufi moja moja, kama mtoto anayechelewesha kufika mwisho wa mstari. Kisha akasoma. Kosa ni kubwa. Jamii imechoka. Sauti haikuwa ile ya kutisha, ilikuwa sauti ya mtu anayesoma dawa ya mgonjwa wake. "Mahakama inakuhukumu kwenda jela miaka ishirini."

Watu hawakushtuka. Hata mmoja.

Mheshimiwa akavua miwani. Mimi niliyekaa chini yake niliona kwamba macho yake yalikuwa yamejaa, na kwamba aliivua kwa sababu alikuwa haoni. Lakini chumba kizima kiliona anavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya tai. Benchi la mbele mke wa fundi alifungua mfuko, akatoa viatu, akaviweka sakafuni jozi moja, vikielekea kizimbani, tayari kuvaliwa. Fundi akanyoosha shati lake. Wote walikuwa wanangoja.

Mheshimiwa akaivaa miwani. "Una haki ya kukata rufaa," akasema, na kwa aliyekubali mwenyewe haki hiyo ni nyembamba sana, naye alijua. Midomo yake ilijaribu kitu, nikaona ikianza, ikaacha. Halafu akasema, bila kumtazama mtu yeyote, "Karani, ita kesi inayofuata."

Sikuweza kuita mara moja. Askari akamsogelea fundi na pingu, naye akamsukuma mkono taratibu, bila ugomvi, kama unavyomzuia mtoto anayekatiza mazungumzo ya wakubwa. Akaniinamia kutoka kizimbani, akaninong'oneza ili asimkatize mheshimiwa.

"Mama, mwambie huyu askari angoje kidogo. Mheshimiwa hajamaliza."

Ilikuwa kazi yangu kumjibu. Nikamwambia amemaliza, baba.

Hakunielewa. Alikuwa bado anamtazama mheshimiwa mdomoni.